Funguo za Kasri la Sparkhill

Kasri lenyewe hulioni ukiwa Stratford Road, hapa Birmingham, na wala sitakuelekeza. Utapita maduka ya nyama ya halali, madirisha ya vitambaa vya harusi vinavyometameta hata siku ya mvua, na kituo cha basi ambacho hakuna ajuaye foleni yake inaanzia wapi, na hutaona kitu. Ni mpaka uingie kichochoro kilicho kati ya fundi simu na duka la mikate, uyapite mapipa ya taka huku umeziba pua, ukate kona mara mbili nyuma ya nyumba zilizoshikana. Hapo linakutokea: matofali mekundu, mnara wa ghorofa sita, ukuta wenye meno juu, vidirisha vyembamba vya kupigia mishale, na lango la tao ambalo lori dogo linapita bila shida. Mara ya kwanza nilisimama pale na ndoo yangu mkononi, nikadhani bado sijaamka.

Mimi naitwa Mama Arsène. Nimezaliwa Kigoma, nimeolewa na Mkongo, na kwa miaka mitatu kila Jumamosi nilisafisha ukumbi wa kanisa letu ndani ya Kasri hilo pamoja na Papa Sylvestre. Yeye ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Jina la mchungaji nimelibadilisha, maana bado tunapishana naye dukani, na sijui kama nafanya vizuri kuyaandika haya. Lakini nimechoka kuyabeba peke yangu.

Papa Sylvestre ana miaka sitini na sita. Ni mrefu, mkimya, na ana mikono mikubwa ambayo hapa Birmingham haikupata kazi ya kuifaa. Anakaa Kingstanding na mke wake, Mama Rosine, na ili afike kwetu Sparkhill hupanda mabasi mawili. Alipoingia nchi hii mwaka 2008 walimpa kazi ya kupanga saladi kwenye vikasha, ndani ya chumba cha baridi, mpaka magoti yakagoma. Akastaafu. Huko kazini hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa nani kabla ya saladi. Watu wa kanisani wakimuuliza alifanya kazi gani kwao Kongo, Bukavu, alijibu, "Nilikuwa mu mambo ya maji," na Mama Rosine akaangalia viatu vyake.

Siku tuliyopelekwa kuliona Kasri tulikuwa wanne. Mchungaji wetu, Pasta Ruben, alikuwa amefunga siku tatu, na katika kufunga kwake aliota ngome yenye kisima ndani. Kwa hiyo mwenye nyumba, Mzee Darshan, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, alipolisukuma lango na ule mnara ukaonekana, Pasta aliinua mikono juu hata kabla ya kuuliza choo kiko wapi.

"Hii ilikuwa godown ya baba yangu," alisema Darshan. "Sarees, cotton, mpaka kwa ceiling. Kabla ya hapo sijui, bwana. Lazima ilikuwa ya lord fulani. Angalia tu hiyo tower."

Nasi tukaiangalia. Watu wa kwetu tukiona mnara tunaona mfalme au tunaona Mungu, wazo la tatu hatuna. Papa Sylvestre peke yake hakuangalia juu. Aliingia ukumbini polepole, akasimama katikati, akafumba macho, akavuta pumzi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mbao za sakafu zilikuwa zinatoa harufu tamu tamu ya kimea, nami nikakumbuka togwa ya bibi yangu. Alipofumbua macho, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Amen!" akasema Pasta. "Roho amethibitisha!" Ndivyo tulivyopanga Kasri, kwa machozi ya Papa Sylvestre.

Hapo lazima ujue jambo moja. Kanisa letu ni la watu wasiogusa pombe. Si kwamba tunapunguza, hatugusi. Hata dawa ya kikohozi ina kina mama wanaoigeuza chupa na kusoma karatasi yake yote kabla ya kumpa mtoto kijiko.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na birika la duara lililozama sakafuni, kimo cha kifua, limejengwa kwa mawe laini ya kijivu. Lilikuwa limejaa vipande vya mabomba na manyoya ya njiwa. Papa Sylvestre alitumia Jumamosi nne kulisafisha. Hakuniruhusu niguse. Alishuka ndani na brashi na magadi, akasugua kwa duara kuanzia juu kwenda chini, akasuuza, akasugua tena, huku anaimba kwa sauti ndogo. Nilikuwa namwona kichwa tu, kinazunguka. Alijua tundu la kutolea maji liko wapi kabla hajalitafuta, nami sikushangaa, mtu wa mambo ya maji si lazima ajue? Pasta alipoliona limetakata alilizunguka mara mbili. Kisha akatangaza kwamba Mungu alituwekea kisima cha ubatizo kabla hatujazaliwa.

Tukabatizwa humo watu hamsini na mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kumi na tisa. Papa Sylvestre aliyapasha maji kwa kuongeza ya moto kwa mpira uliotoka jikoni, akapima kwa kiwiko, akasema bado, akaongeza. Niliposhuka, mvuke ulikuwa unapanda kwenye mwanga wa vile vidirisha, na sauti za waimbaji zilikuja kwangu kutoka mbali sana. Nilizama, nikaibuka, na kwa muda sikujua niko nchi gani. Ile ni siku nzuri kuliko zote nilizopata Uingereza, sitaki mtu anibishie.

Mnara una ngazi moja tu, nayo inaanzia ndani ya ukumbi wetu. Funguo zake alikuwa nazo Papa Sylvestre. Kila Jumamosi tukimaliza kudeki alikuwa anapanda na kukaa huko saa nzima, nami nikadhani anasali. Siku moja ya masika nikamfuata, kwa umbea tu.

Nilimkuta ghorofa ya juu kabisa, karibu na tangi tupu la chuma, amesimama kwenye mstari wa jua. Hakukasirika.

"Maji inapanda mara moja tu, Mama Arsène," alisema. "Kisha pale, kazi yote ni ya kushuka."

Akanishusha ghorofa kwa ghorofa. Hapa maji yaliwekwa. Hapa shayiri ilisagwa, tazama mbao zilivyolika. Hapa ilikutana na maji ya moto na kulala mpaka utamu utoke. Tulipofika ghorofa ya tatu aliingiza mkono hewani na kuanza kukoroga kitu kisichokuwepo, polepole, kwa mabega yote mawili, na kile chumba kikajaa. Naapa nilikiona kimejaa. Nikaona mvuke, nikaona sufuria ya shaba iliyomeza ghorofa mbili, nikasikia wanaume wakiitana chini, na vumbi la shayiri likashuka kwenye mwanga bila haraka yoyote. Sikutaka aache. Alipoacha, ndipo akili yangu ikarudi na kuuliza kile ilichopaswa kuuliza zamani.

"Papa Sylvestre, hapa palikuwa wanapika nini?"

"Bia," alisema. "Na miye sikukuwa mu mambo ya maji. Nilikuwa napika bia kule Bukavu. Miaka makumi mbili na ine."

Kwanza nilicheka. Kisha nikakumbuka lile birika, na watu hamsini na mmoja, na mimi wa kumi na tisa, kicheko kikanikauka. Nikamkasirikia. Nilimwambia kwamba ametuzamisha katika pipa la bia na kunyamaza, mtu mzima na mvi zake.

"Maji ilikuwa safi," alijibu. Akaketi kwenye ngazi. "Batu bakijua, batakamata hizi funguo. Na bila hizi funguo, miye niko muzee wa Kingstanding tu. Humu ndani kuna vitu naelewa. Huko inje hakuna."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hasira yangu ikakosa pa kushika. Nilimwahidi nitafunga mdomo.

Miezi ikapita. Jumamosi nikawa napanda naye, na Kasri likawa linatufunulia habari zake kidogo kidogo, nyingine kutoka kwake, nyingine za kuota wenyewe. Kisha Mzee Darshan akavunja kabati bovu na kukuta bomba la bati, na ndani ya bomba michoro ya jengo na makaratasi. Alikuja nayo amejawa furaha.

Kumbe mwenye Kasri hakuwa bwana yeyote. Walikuwa ndugu wawili waliokuwa wakiuza bia kwa mkokoteni, na wakubwa wa mji hawakuitikia salamu zao. Walipotajirika wakaapa kujenga kitu ambacho wakubwa watalazimika kukiangalia. Lakini viwanja vya kando ya barabara vilikwisha kuuzwa, ndipo wakalijenga nyuma, mnara na meno yake yote, mahali ambapo wa kuliona ni mwenye nyumba ya jirani anapoanika nguo. Nilicheka nikawahurumia papo hapo. Walipika miaka arobaini. Kisha kampuni kubwa ikawanunua ili ikifunge kiwanda chao. Zikaja blanketi za jeshi, zikaja tandiko za baiskeli, zikaja sari za baba yake Darshan, tukaja sisi.

"September kuna heritage week," Darshan alisema. "Watu wanaingia bure, wanaona buildings za zamani. Nimeweka jina yetu. Lakini nitawaambia nini? Mimi ni mtu wa nguo. Hizi drawings naangalia tu."

Papa Sylvestre alimpokonya mchoro taratibu. "Umeushika kichwa chini, Papa Darshan," akasema, akaugeuza.

Darshan si mjinga. Alimtazama. "Wewe unajua hii kazi," akasema. "Basi utanisaidia. Ongea Swahili, mimi nita-translate."

Papa Sylvestre alichukua wiki mbili kuamua. Mama Rosine aliniambia kwamba nyumbani alikuwa halali vizuri, anaongea usingizini, anaita watu wa zamu yake ya Bukavu mmoja mmoja. Yeye alikuwa amemwomba aache, maana anaongoza kina mama wa kanisa na hakutaka aibu. Wiki ya tatu alipiga pasi koti lake la bluu na kuja.

Wageni walikuwa kama ishirini na tano, wengi wao watu wa Moseley, mtaa wa jirani, wenye miavuli mizuri na viatu vya kutembelea. Aliwapandisha juu, akawashusha. Sijapata kumwona vile. Aliyekuwa akiongea maneno manne kwa Jumamosi alikuwa anamiminika, na Darshan nyuma yake anahema kutafsiri. Bibi mmoja mwenye fimbo alimuuliza swali kuhusu hamira, naye akacheka kwa furaha, akamshika mkono, akamjibu kwa dakika tano.

Walipofika ukumbini, karibu na birika, mlango wa nyuma ulifunguka. Pasta Ruben na waimbaji wake walikuwa wamekuja kufanya mazoezi, saa nzima kabla ya wakati. Walisimama nyuma ya wageni, wanatabasamu kwa adabu, hawajui kinachoendelea. Nilimkonyeza Papa Sylvestre, nikapunga tambara, nikakohoa. Alishaniona. Alishamwona Pasta pia. Aliifuta mikono yake kwenye koti, ingawa ilikuwa mikavu, akatazama lile duara la mawe aliloling'arisha mwenyewe.

"Na hapa," akasema, "bia inalala siku tano, hadi inakuwa bia."

Wageni walisubiri tafsiri. Pasta hakuisubiri.

Kikao kilifanyika kesho yake, Jumapili, baada ya ibada. Niseme ukweli, Pasta Ruben si mtu mbaya, na nasema hivyo nikiwa bado nimemkasirikia. Alikuwa amelia, macho yalionyesha. Alisema kuhama hatuwezi, hatuna pa kwenda. Lakini birika litazibwa kwa saruji, nyumba itaombewa siku saba, na ubatizo wote wa humo umefutika. Tutabatizwa upya kwenye bwawa la kuogelea la mjini. Papa Sylvestre alikuwa na jambo moja tu la kufanya. Asimame mbele, aseme kwamba ile kazi ya miaka yote ilikuwa dhambi na kwamba anaikana. Akifanya hivyo, tumemsamehe, na funguo zinabaki kwake. Asipofanya, azirudishe.

Papa Sylvestre alisimama, lakini hakwenda mbele. Pasta, kwa kumsaidia, nafikiri, akaanza kutueleza maji matakatifu ni maji gani. Akatoa ushuhuda wake, ule ambao sote tunaujua kwa moyo.

"Miye nilibatizwa mu Ziwa Kivu, kule Bukavu, nikiwa na miaka kumi na ine. Mwezi wa saba, baridi kali, upepo inakata. Batoto wote tulikuwa tunatetemeka. Lakini nilipoingia mu ile maji, batu ba Mungu, maji ilikuwa ya moto! Nani aliipasha? Nani? Ile siku nilijua Mungu ananijua kwa jina. Ju ya ile niko mbele yenu leo."

Watu walisema amen. Papa Sylvestre alikuwa amefungua mdomo. Niliona kitu kimepita usoni kwake, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu.

"Pasta," aliuliza, "ilikuwa wapi, mu ziwa?"

"Kwenye ile plage ndogo, pale ku muchanga wa ziwa, chini ya kiwanda."

"Siku ya Mungu?" Kwao hiyo ni Jumapili.

"Siku ya Mungu, saa tatu ya asubuhi. Ju ya nini unauliza?"

Papa Sylvestre alitikisa kichwa kwamba si kitu. Kisha akaingiza mkono mfukoni.

"Nilipika bia, Pasta. Nilipika muzuri. Siwezi kuita ile kazi zambi," akasema, akaja mbele na kuziweka funguo juu ya meza, bila kishindo. Mama Rosine alibaki ameshika mkoba magotini. Kisha akainuka, mbele ya kina mama wake wote, akamfuata.

Nami nikawafuata. Tulipanda basi la kwenda mjini, tukaketi juu, wao mbele na mimi nyuma yao. Mvua ilikuwa imeanza, na Stratford Road ilipita chini yetu imelowa, taa zake zote zimechanganyikana. Nilikuwa na hasira.

"Ulikuwa unajua nini juu ya Pasta?" nilimuuliza Papa Sylvestre. "Ile saa tatu ilikuwa ya nini?"

Hakugeuka. Alisema kwamba kule kiwandani bia ikishachemka lazima ipozwe, na inapozwa kwa maji baridi yanayopita pembeni mwa mabomba. Yale maji hayagusi bia. Yanaingia baridi na safi, yanatoka moto na safi, yanakusanywa kwenye tangi. Tangi likijaa, yanaachiwa ziwani.

"Chini, kwa ile plage," alisema. "Siku ya Mungu zamu ilikuwa yangu."

Mama Rosine alimgeukia. Hata yeye hakuwa akijua.

"Na ukanyamaza!" nilisema, na watu wa basi wakanitazama. "Ungesema neno moja pale, nani angekunyang'anya funguo? Angekaa chini yeye!"

"Alikuja kuwa muchungaji sababu ya ile maji. Nikimunyanganya ile, atabakia na nini?"

"Na wewe umebakia na nini?"

Alifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja, akaangalia nje.

"Shefu alikuwa anataka nifungule saa moja, tangi ibaki tupu," akasema. "Lakini saa moja batoto walikuwa bado kufika. Na upepo ya mwezi wa saba kule, Mama Arsène, unaijua. Walikuwa na zile nguo nyeupe tu. Basi nilikuwaka nasimama ku dirisha, mukono ku valve ya tangi, naangalia chini. Nikisikia banaanza kuimba, nafungula."

Mama Rosine alimshika mkono, ule mkubwa, akauweka kwenye paja lake. Mimi nilikuwa nalia. Miaka yote hii Pasta ametushuhudia kwamba kuna aliyemwona akitetemeka, akampashia maji, na sasa siwezi kusema amekosea.